Unga wa kung'arishia vioo: uliza kwanza unavyotuama

Kopo liliandikwa oksaidi ya seriamu, usafi asilimia 99.99. Unga wenyewe ulikuwa mweupe pe kama wanga, na bei yake ilinifanya nimeze mate mara mbili. Nikajikumbusha kuwa rahisi ni ghali, nikalipa. Nilikuwa na meza ya kioo iliyojaa mikwaruzo myembamba ya miaka. Nikakoroga uji kwenye ndoo, nikapiga kazi saa nzima, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta maji maangavu juu, na chini donge gumu kama saruji iliyokamata. Nikalivunja kwa bisibisi, nikaendelea. Kufikia jioni meza ilikuwa na mkwaruzo mpya katikati kabisa, mwembamba kama uzi na mrefu kama mkono wangu.

Muuzaji alinijibu kwa maneno matatu: "Dada, unga hukorogwa."

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia asilimia za usafi wala ukubwa wa chembe. Hayo yapo kwenye lebo, mtayasoma wenyewe. Mimi siku hizi nauliza jambo moja ambalo lebo hailisemi: huu unga ukiachwa usiku kucha ndani ya maji, unatuamaje?

Oksaidi ya seriamu ni nzito kuliko inavyoonekana kijikoni. Uzito wake ni mara saba na ushei ya ujazo uleule wa maji, wakati kioo chenyewe hakifiki hata mara tatu. Chembe zake, hata zikiwa za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili, zinataka kwenda chini tu. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya mafundi huongezewa kitu cha kuzuia chembe zisigande kuwa donge, hivyo zinapotua hukaa laini na hurudi juu kwa kutikiswa. Usio na kitu hicho hujipanga chembe juu ya chembe mpaka unakuwa jiwe. Hapo hasara ni mbili. Kwanza, pedi ya kung'arishia inakunywa maji matupu. Inakauka, inapata moto, na kioo kinachopata moto sehemu moja hupasuka. Pili, ukilivunja lile donge, vipande vyake havirudi kuwa unga. Iulize meza yangu.

Jaribio ni la chupa ya jamu. Tia kijiko kimoja cha unga, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Kesho inamisha chupa taratibu. Tope likiteleza na kufuata maji, nunua huo. Likibaki limeng'ang'ania kitako cha chupa kama ukoko wa wali kwenye sufuria, rudisha ukiweza.

Na ule usafi wa asilimia 99.99? Haukuwa na maana kwangu. Seriamu haing'arishi kwa kukwangua kama mchanga. Ugumu wake haupishani sana na wa kioo. Inachofanya ni kushikana na silika (kitu kinachounda kioo) ya uso wa kioo ambao maji yameshaulainisha, kisha inaondoka nayo kidogo kidogo. Ndiyo maana bila maji hakuna kazi, na ndiyo maana iliwafanya mafundi wa lenzi waiache ile poda nyekundu ya oksaidi ya chuma waliyoizoea. Unga mzuri wa mafundi mara nyingi una rangi ya waridi au kahawia, kwa sababu umebaki na madini ndugu zake kama praseodimiamu. Nilikuwa naidharau rangi hiyo kwa kudhani ni uchafu. Usafi mkubwa waachiwe wanaouhitaji kweli, wa maabara na wa viwanda vya vifaa vya elektroniki.

Namba moja wangu ni Cerox 1663, na sifichi upendeleo. Ilikuwa ya Rhodia, kampuni iliyonunuliwa na Solvay mwaka 2011, na wanaosugua vioo vya darubini kwa mikono wanaijua vizuri. Kwenye chupa yangu ilitua taratibu, na asubuhi mizunguko mitatu ya mkono ikairudisha yote kuwa maziwa. Angalia tu kwamba namba ya 1663 ipo kwenye kifungashio halisi, maana wapo wanaomimina unga mwingine na kutaja jina hilo kwa mdomo.

Namba mbili ni Hastilite ya Universal Photonics. Huja kwa aina kadhaa, kwa hiyo sema wazi kwamba kazi yako ni ya kioo.

Namba tatu si unga kabisa: diski za 3M Trizact 568XA, zenye seriamu ndani yake. Hakuna ndoo, hakuna kutuama, unanyunyiza maji na kuendelea. Kwa mwenye kioo kimoja cha gari zinatosha. Ila mkwaruzo unaonasa ukucha hauondoki kwa seriamu peke yake, ya diski wala ya unga. Lazima uanze na diski za kukwangua. Na usikazanie sehemu moja mbele ya macho ya dereva, utachimba bonde litakalopinda kila kinachoonekana.

Unga wa mfuko usio na jina: jaribio la chupa, basi.

Sasa bei. Kila ukilalamika unaambiwa "dada, haya ni madini adimu." Adimu gani? Seriamu kwenye ganda la dunia inakaribia wingi wa shaba. Kwenye madini ya bastnasaiti, kama yanayochimbwa Mountain Pass huko California, seriamu ni karibu nusu ya madini adimu yote yaliyomo, na wachimbaji wanaoitafuta neodimiamu ya sumaku hutoka nayo watake wasitake. Ni kweli bei iliwahi kuruka vibaya, baada ya China kubana mauzo ya nje mwaka 2010, ikafika kileleni 2011. Lakini ilishashuka siku nyingi, na mwaka 2015 China ikafuta ule mgawo wa mauzo. Wauzaji wa makopo madogo habari ya kupanda iliwafikia siku hiyohiyo. Ya kushuka naona bado iko njiani.

Mwezi uliopita nilimpigia mmoja nikamuuliza unga wake unatuamaje ukilala kwenye maji. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nataka kununua au nafanya utafiti.