Chaja inayolala gari likilala: uzoefu wangu wa kufungiwa chaja kwenye dashibodi

Kwa sisi tunaoendesha teksi za mtandaoni hapa Nairobi, simu ndiyo ofisi. Ramani iko wazi kutwa, data haizimwi, mwangaza umepandishwa hadi mwisho kwa sababu ya jua, na huku unaongozwa kona ya kushoto, abiria unayemfuata anapiga kuuliza umefika wapi. Simu ya kazi hiyo haishibi kwa chaja ya kuchomeka kwenye tundu la laita.

Ubaya wa tundu lile nimeujua vizuri. Liliundwa kwa ajili ya kiwashio cha sigara: unakibonyeza, kinapata moto, kinaruka nje, basi. Chaja inayokaa humo inashikwa na vijichuma viwili vya ubavuni, na kwenye ncha kuna springi inayoisukuma nje muda wote. Piga matuta machache ya mtaani, chaja imesogea kidogo tu, umeme umekatika. Simu inalia ting, inarudi, inalia tena. Ikigusa nusunusu ndiyo mbaya zaidi, maana ncha inapata moto mpaka plastiki inanuka. Bei haikusaidia, za mia tatu na za elfu mbili zote ziliugua ugonjwa huo huo.

Nikaamua nifungiwe chaja ndani ya dashibodi, ichukue umeme wa gari moja kwa moja, pasiwe na kitu kinachoning'inia. Gari ni Toyota Fielder. Upande wa kulia wa usukani kuna vifuniko vya plastiki vya swichi ambazo gari langu halikuja nazo, na Luthuli Avenue wanauza chaja zilizochongwa kwa sura ile ile ya swichi za Toyota. Unachomoa kifuniko, unasukuma chaja, inakaa tak. Niliyochukua ina tundu moja la USB la kawaida na moja la Type-C, na katikati kuna tarakimu ndogo zinazoonyesha volti za betri. Niliilipia shilingi 1,400. Cha kuangalia kabla ya kutoa pesa ni maandishi ya nyuma: yaseme inapokea volti 12 hadi 24. Gari likiwa linanguruma umeme wake unapanda hadi karibu 14, kwa hiyo betri ya 12 haina maana utapata 12 kamili. Kazi ya chaja ni kuushusha huo hadi 5 ambazo simu inakula, au 9 kama simu yenyewe ni ya kuchaji haraka na imeziomba.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alitaka kuvuta waya wa redio, auchubue, aubane kwa ile klipu ya plastiki inayong'ata, dakika kumi tumemaliza. Nilimshukuru nikaondoka. Klipu zile zinakata nyuzi kadhaa za shaba zinapong'ata, na kwa mtikisiko wa barabara zetu zinalegea polepole. Siku redio itakapoanza kukatika hutakumbuka kwamba chanzo ni chaja.

Wa pili nilimpata Grogan, kule chini Kirinyaga Road. Kabla hajagusa kitu aliniuliza:

"Bosi, unataka chaja ilale gari likilala, ama ikeshe?"

Hapo nilijua nimefika kwa mwenye kazi yake. Kwenye sanduku la fyuzi kuna nafasi zenye umeme saa zote, kama za taa ya ndani na za kengele ya wizi, na kuna nafasi zinazopata umeme ukishazungusha ufunguo tu. Chaja hula umeme kidogo hata kama hakuna simu, na yenye tarakimu za kuwaka hula zaidi. Zikiwa miliampia 20 tu, kwa siku nzima ni karibu nusu ampia-saa, kile kipimo cha akiba ya betri. Kwa gari la kila siku si kitu. Lakini ukienda ushago wiki mbili na betri ni ndogo na imezeeka, utarudi ukute ufunguo unasema tik tik. Nikamwambia ilale.

Akalala chali chini ya usukani na taa ya kichwa. Fyuzi aliyoichagua ni ile yenye maandishi CIG, ya laita yenyewe, ya ampia 15. Za mifuko ya hewa na za kompyuta ya gari hakuzisogelea, na nadhani fundi akianza kuzigusa hizo ni haki yako kumwomba ufunguo wako. Aliing'oa fyuzi, akashika lampu ya kupimia, mdomo wa chuma ukiwa umebana bolti ya bodi, akagusa mguu mmoja wa nafasi ile: giza. Mguu wa pili: lampu ikawaka. Akaniambia nizime ufunguo, ikazimika. Ndipo alipochukua kishikio chenye nafasi ya fyuzi mbili na kukigeuza kwanza kabla ya kukisukuma ndani. Nikamuuliza kwa nini amekigeuza. Alieleza kwamba kikikaa kinyume, mzigo wa chaja unapita kwenye fyuzi zote mbili, ile ya zamani inabeba vya laita na vya chaja pamoja. Kikikaa sawa, kila fyuzi inabeba mzigo wake.

Kwenye nafasi ya pili aliweka fyuzi ya ampia 5, ya rangi ya kahawia hafifu. Hesabu yake inaingia akilini: chaja ikitoa wati 38 kwa matundu yote mawili, kwa volti 12 ni ampia tatu na kitu, na ukiongeza kile kinachopotea kama joto bado hufiki tano. Madereva wengi wanasema fyuzi inalinda chaja. Inalinda waya. Ule waya mwembamba uliokuja na chaja unaweza kuyeyuka ganda lake huku fyuzi ya 15 ikitazama tu.

Waya mweusi alikwenda kuufunga kwenye bolti ya bodi, baada ya kukwangua rangi kidogo ili chuma kiguse chuma. Maungio mengine aliyachoma kwa risasi, akayavalisha mpira unaosinyaa ukipashwa moto na kibiriti cha gesi. Kisha, na hapa ndipo niliporidhika nimelipa vizuri, alizungushia waya wote tepu ya kitambaa, ile ambayo viwanda hutumia. Tepu ya plastiki hugeuka gundi kwenye joto la dashibodi, na waya ulioachwa wazi hugonga plastiki kila shimo mpaka unadhani gari limekufa shoki. Ufundi ulikuwa shilingi 1,000, pamoja na kishikio na fyuzi.

Matokeo? Simu inapanda hata ramani ikiwa wazi na data imewashwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona na chaja ya laita. Ila kasi kamili ni tundu la Type-C, na ni pale lingine likiwa tupu. Abiria akichomeka yake, langu linapunguza kasi. Boksi haikusema hivyo. Saa saba mchana simu ikiwa kwenye kioo cha mbele inakataa kuchaji haraka hata uifanyie nini, kwa sababu simu ikipata joto hupunguza yenyewe. Hilo si kosa la chaja. Nilihamisha holda kwenye tundu la kiyoyozi likaisha.

Kero ya kweli ilikuwa redio. Chaja ikifanya kazi, stesheni zenye mawimbi dhaifu zilianza kuvuma shhh, hasa nikitoka mjini kuelekea Kiserian. Vifaa hivi vinakata umeme vipande maelfu kwa maelfu kwa sekunde ili kuushusha, na vya bei yangu havijafunikwa vizuri. Nilirudi kwa fundi. Aliusogeza waya mbali na ule wa antena na kuuvalisha kile kipete cheusi kizito kama kilichoko kwenye kebo za kompyuta za zamani. Uvumi umepungua sana, haujaisha. Hakunitoza. Risiti hakuna, waranti ni namba yake ya simu.

Tarakimu za volti zinawaka bluu kali mno usiku, nimezibandikia kipande cha plastiki cheusi. Lakini sizidharau: asubuhi moja ya baridi zilionyesha 11.9 kabla sijawasha, nikaenda kupimiwa betri siku hiyo hiyo, ikakutwa imechoka.

Nimeipa nyota nne kati ya tano, nyota ya tano imebaki na redio. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi, kaa na chaja yako ya laita, pesa hizi weka mafuta. Kwa anayeshinda barabarani, nenda, ila hakikisha fundi anakuuliza swali la kulala na kukesha kabla hujamuuliza wewe. Mimi sasa nataka tundu la abiria wa nyuma. Fundi anasema waya upite chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango, usipite chini ya kiti, maana reli za kiti zitaukata, na uwe na fyuzi yake. Anataka mia saba. Tunaendelea kuvutana.