Gari la Familia: Lijue Jina Kabla ya Kulinunua

Neno "gari" tumelipokea kutoka Kihindi, nasi tunalitumia kwa takriban kila chombo cha magurudumu. Ndiyo maana anayetafuta gari la familia huonyeshwa aina nyingi zisizofanana. Nimepanga aina nne kwa kadiri zinavyoifaa familia, nikianza kila mara na jina, kwa kuwa mara nyingi jina hutaja kazi ambayo gari lilikusudiwa.

Nafasi ya kwanza naipa stesheni wagoni. Jina hilo lilizaliwa Marekani, ambako magari ya namna hii, mengi yakiwa na bodi ya mbao, yalipokea abiria na masanduku yao kwenye stesheni za reli. Waingereza waliliita kwa jina la mashamba ya mabwanyenye, nao Wajerumani wakafupisha neno refu lenye maana ya gari la matumizi mchanganyiko, wakapata "Kombi". Majina yote matatu yanakubaliana kwamba watu na mizigo husafiri chini ya paa moja. Paa hilo hunyooka hadi nyuma, na mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, hivyo kigari cha mtoto huinuliwa na kusukumwa ndani moja kwa moja, na siti za nyuma zikilazwa, hata godoro hupata pa kunyooka.

Ya pili ni minivani. "Van" ni mkato wa "caravan", neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya msafara, kwa hiyo minivani ni msafara mdogo, na jina linalifaa kabisa. Umbo hili lilienezwa na kampuni ya Chrysler ya Marekani, na huko Ufaransa na Renault Espace ya mwaka 1984. Familia ya watu sita au saba na iiweke mbele ya stesheni wagoni, lakini ilikague siti zote zikiwa zimesimamishwa, kwa sababu safu ya tatu ikisimama, mara nyingi buti hubaki na nafasi ya mifuko michache tu.

Hachibaki, ambayo jina lake lamaanisha mlango wa kunyanyua ulioko nyuma, ni ya tatu. Renault 16 ya mwaka 1965 ilionyesha mapema jinsi umbo hilo linavyoifaa familia. Inatosha kwa mtoto mmoja au wawili.

Sedani naiweka mwisho. Zamani jina hilo lilikuwa la kiti kilichofunikwa, kikabebwa kwa miti na wachukuzi wawili, nalo jina la Kiingereza cha Uingereza, "saloon", limetokana na neno la Kifaransa la sebule. Yote mawili yanazungumzia aliyeketi, hayataji mzigo. Sedani kweli huwa tulivu, na buti lake huficha mali, ila mdomo wa buti ni mwembamba: sanduku linaloenea ndani huenda likakwama mlangoni. Anayeipenda aende kuikagua na kigari cha mtoto wake mwenyewe, akitie na kukitoa kabla hajazungumza bei.