Miezi minne na programu ya kusikiliza Kiingereza

Kiingereza changu nilikipata kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Nikipewa mkataba nausoma hadi mwisho bila kuhangaika sana na kamusi, lakini mtu akinisemesha kwa simu kwa kasi yake ya kawaida, hubaki nikiokota neno hapa na neno pale, na ninapomaliza kulitafsiri moja yeye ameshavuka sentensi mbili. Ndiyo maana nilipakua programu ya kujizoeza kusikiliza kwa mazungumzo mafupi ya kila siku, nikaitumia karibu kila asubuhi kwa miezi minne, na sasa nina la kusema juu yake. Jina lake silitaji, kwa kuwa ziko nyingi zilizoundwa kwa mtindo uleule, na mengi nitakayoyaeleza yanazigusa zote.

Muundo wake hauna ugumu. Kila kipande kina watu wawili, mara chache watatu, wanaozungumza kwa muda wa sekunde 40 hadi dakika moja na nusu: mgonjwa anaomba miadi ya daktari, mpangaji analalamikia bomba linalovuja, mtu anarudisha shati lisilomtosha, mwingine amepotea njia. Vipande vimepangwa kuanzia A1, ngazi ya chini kabisa, hadi C1, ya pili kutoka juu, kwa kufuata ule mfumo wa ngazi sita za umahiri wa lugha uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Baada ya kusikiliza huja maswali manne au matano ya kuchagua jibu, kisha matini ya yote yaliyosemwa. Ufupi huo ndio uzuri wake mkubwa. Habari ya dakika kumi hakuna anayeisikiliza mara nane. Kipande cha sekunde 50 unakirudia mara nane na bado hujachoka, na sikio hujifunza kwa kurudia huko.

Kwa nini sikio lihitaji kufundwa upya ilhali maneno tunayajua? Kiswahili kina irabu tano, silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na kila silabi hupewa haki yake ya kusikika, ile ya pili kutoka mwisho ikibeba mkazo. Kiingereza hakina uadilifu huo. Maneno yenye uzito hutamkwa kwa nguvu, na vijineno vya katikati kama "to", "of", "and" na "have" hubanwa hadi vikabaki pumzi tu. "Pick it up" haifiki sikioni ikiwa maneno matatu, inafika "pikitap". "Did you" inakuwa "dija". Mimi niliyejifunza maneno hayo yakiwa yametengana kwenye karatasi nilikuwa nayangojea yaje yametengana vilevile, na hayakuja. Wiki ya kwanza nilipofungua matini za ngazi ya A2 niliona, kwa aibu kidogo, kwamba hapakuwa na neno hata moja nisilolijua.

Kipande kimoja kilinishughulisha siku tatu. Mwanamke anapanga na fundi siku ya kuja kutengeneza dirisha, na fundi, kwa lafudhi ya Kimarekani, anasema kuhusu Jumanne: "I can't come". Nilisikia "can", nikachagua jibu la kwamba fundi anakuja Jumanne, nikakosa. Nikarudia nikiitega ile t ya mwisho, ambayo nilidhani ndiyo inayoyatenganisha maneno hayo mawili, na t yenyewe sikuipata. Kumbe Wamarekani wengi huimeza. Sekunde chache baadaye fundi huyohuyo anasema kwamba Jumatano "I can come", na nilipozisikiliza sentensi hizo mbili moja baada ya nyingine, tena na tena, tofauti ikajitokeza: "can" ya kukubali ni fupi na dhaifu, karibu "kn", uzito wote ukiangukia "come", lakini "can't" husimama kwa uzito wake na irabu yake husikika wazi. Ni jambo la mkazo. "Fifteen" na "fifty" nazo, ambazo zilikuwa zikinitesa katika kila kipande chenye namba, zilianza kuachana nilipoacha kuifuata n na kuanza kuuliza ni silabi ipi iliyokanyagwa zaidi.

Kitufe cha kupunguza kasi nilikitegemea sana mwanzoni, nami naona kinasaidia kidogo kuliko kinavyoahidi. Ukishusha kasi hadi 0.75, "pikitap" inageuka "pikitap" ndefu; vilivyomezwa havirudi. Kusoma polepole tangu mwanzo ni jambo jingine, kama Sauti ya Amerika ilivyofanya ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500 na kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Njia hiyo humwezesha anayeanza kufuata taarifa ya habari, ila haimwandai kwa fundi wa dirisha. Katika programu hii ngazi ya A1 yote imesomwa kwa mtindo huo wa polepole, kisha A2 inarukia kasi ya kawaida bila daraja lolote, na anayevuka huona kama amebadilishiwa lugha.

Udhaifu ulionikera zaidi uko kwenye maswali. Mengi yanajibika kwa kunasa neno moja tu. Ukiulizwa mgeni wa hoteli anataka chumba kwa siku ngapi, na katika kipande kizima imetajwa namba moja tu, utajibu sawasawa hata kama mengine yote yamekupita. Niliwahi kupata alama zote katika kipande ambacho sikuwa nimejua hata ni nani kati ya wale wawili aliyekuwa na malalamiko. Maswali mazuri yapo, ila ni ya kutafuta. Yanatokana na pale msemaji anapojisahihisha, akasema "Thursday", akasita, akaongeza "no, sorry, Friday", na siku zote mbili zimewekwa kati ya majibu. Au pale mtu anaposema "I'd love to, but", na asiyesubiri hiyo "but" hudhani mwaliko umekubaliwa. Kuna kimoja cha Kiingereza cha Uingereza chenye "half six", ambayo kwa hesabu yetu ya saa ni saa kumi na mbili na nusu, na hapo msikilizaji wa Kiswahili ana kazi mbili kwa pumzi moja.

Matini nayo ina kasoro. Kabla hata ya kuja nzima mwishoni, programu huionyesha yenyewe mara sauti inapoanza, mstari ukifuata mstari, na jicho likishaona maandishi hunyang'anya kazi, sikio likabaki kuthibitisha tu. Njia ya kuizima imefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na ilinichukua wiki tatu kuigundua, wiki ambazo sasa nazihesabu kuwa nilikuwa nikisoma. Mahali pamoja palikuwa na kosa dhahiri: matini inasema "forty", sauti inasema "fourteen". Nililishutumu sikio langu nusu saa nzima kabla ya kulisafisha jina lake.

Wasomaji ni waigizaji wazuri, labda wazuri kupita kiasi. Kila mmoja humngoja mwenzake amalize, hakuna anayeanza sentensi akaiacha njiani, na hata kwenye kituo cha treni hakuna treni inayopita. Lafudhi ni mbili tu, ya Marekani na ya Uingereza, wakati Kiingereza anachokutana nacho mtu kazini au kwenye simu ya huduma kinaweza kuwa cha Mskoti, Mhindi au Mnigeria.

Baada ya kuizima matini nilijiwekea utaratibu ambao programu yenyewe haiuelezi popote. Nasikiliza mara mbili bila kalamu, nikijiuliza tu wako wapi na nani anataka nini. Mara ya tatu nachagua sentensi moja inayonitoka na kuifanya imla, neno kwa neno, nikiacha nafasi tupu palipo na ukungu. Ndipo nafungua matini, najaza nafasi kwa wino wa rangi nyingine, kisha naisema sentensi sambamba na msemaji hadi mdomo wangu ubanie pale anapobania yeye. Daftari limejaa wino huo mwekundu, na karibu wote umeangukia vijineno vilevile: "to", "of", "have", "them". Anayeanza Kiingereza leo programu hii itamchosha bure, lakini kwa msomaji wa siku nyingi aliye kiziwi wa simu, kama nilivyokuwa, naipendekeza pamoja na maswali yake mabovu.

Kimebaki kipande kimoja cha B2, cha majirani wawili na ufunguo uliopotea, ambacho sekunde mbili zake bado nazisikia kama "shudatodim". Nina dhana yangu kuhusu kilichomo, na matini sijaifungua.