Kishikio kipya cha nyuzi kwenye mandolini yangu: kinafaa, ila si kwa sababu wanayoitaja wauzaji

Kama una mandolini, ile ala ndogo kama gitaa yenye jozi nne za nyuzi, na siku ya kubadilisha nyuzi unaiogopa, angalia mkiani kwanza, pale kwenye kishikio ambacho nyuzi zote nane zimefungwa. Mandolini nyingi za bei nafuu, yangu ikiwemo, huja na kishikio cha bati jembamba lenye kulabu ndogo na kifuniko cha kuchomeka. Unavisha kitanzi kwenye kulabu, unaenda kukaza huku juu, mkono ukilegea kidogo tu kitanzi kimeshatoka. Unavisha tena. Uzi wa E, wenye sauti ya juu kabisa kati ya G, D, A na E, ndio unaosumbua kuliko zote. Ni mwembamba, ncha yake ni kama sindano, na ukichomoka unakurukia vidoleni. Halafu kulabu za bati zina makali, kwa hiyo uzi unakatikia palepale kwenye kitanzi, hata haujachakaa.

Napigia kwaya hapa Moshi, na kwa joto na jasho la mikono nyuzi zangu hazikai. Ndiyo maana niliagiza Allen kutoka Marekani, kishikio cha shaba ya kusubu, hakina kifuniko. Ukijumlisha usafiri na ushuru, bei ilikaribia ya gitaa jipya la kawaida hapa mjini. Si hela ndogo.

Je, kimenisaidia? Sana. Kulabu zake ni nene na laini, kitanzi kikishaingia kinatulia, nami nakaza bila kubana uzi kwa kidole gumba. Kazi iliyokuwa inakula jioni nzima sasa naimaliza kabla ya mazoezi kuanza.

Kuhusu sauti, wauzaji wanasema mlio utadumu zaidi. Mimi nilichosikia ni kelele kupungua. Kile kifuniko cha bati kilikuwa kinatetemeka kila nikigonga nyuzi nene za G kwa nguvu, sasa kimya. Lakini hiyo unaitibu kwa kipande cha ngozi chini ya kifuniko. Kamkoba chakavu cha mtumba pale soko la Memorial kinakutosha. Na ule mlio mwembamba unaobaki kati ya daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la ala) na kishikio unauzima kwa kupitisha ukanda wa ngozi katikati ya nyuzi. Tukumbuke pia kwamba zile mandolini za Gibson F-5 zilizosainiwa na Lloyd Loar, mhandisi wa kampuni hiyo, kati ya 1922 na 1924, ambazo watu wanazilipia fedha nyingi mno, zilitoka kiwandani na kishikio cha bati. Kwa hiyo kinunue kwa ajili ya vidole vyako.

Kabla ya kuagiza, pima matundu ya skrubu. Ya kwangu hayakulingana yote na ya zamani, fundi seremala akaziba mawili kwa kijiti cha mti mgumu na gundi, akatoboa upya. Msimamie hapo. Kishikio kikienda upande hata kidogo, nyuzi zote zinahama. Vuta uzi wa kwanza na wa mwisho kwanza, tazama kama umbali kutoka kingo za shingo ni sawa, ndipo ukaze skrubu.

Mengine ni yaleyale kwa kishikio chochote. Badilisha jozi moja moja, usitoe zote, maana daraja halikugundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu.

Nyuzi zenye vitanzi ni shida kupata huku. Natumia seti ya EJ74 ya kampuni ya D'Addario, unene wa 0.011 hadi 0.040 ya inchi, nikimpata mtu anayesafiri. Zikikosekana nachukua za gitaa dukani. Seti inayoanzia uzi wa 0.011 inakupa E kwa uzi wake wa kwanza, na wa pili, 0.015, unakupa A. Kwa D tafuta uzi wa tatu wa seti inayoanzia 0.013, ambao ni 0.026. Ile gololi ya mwisho wa uzi ibane kwa koleo taratibu mpaka ipasuke, itoe, utabaki na kitanzi. Vaa miwani ukiifanya hiyo kazi, vipande vyake huruka.