Gereji ya Ndeeba iliyomaliza mtetemeko wa pikapu yangu

Jamani wenye Hilux na D-Max, kama gari likigonga 90 barabara ya Masaka linaanza kutetemeka mpaka vioo vinacheza, nendeni kwa hawa mafundi wa Ndeeba, Kampala, nawapa nyota tano. Kule nilikotoka nilikuwa nauziwa balansi ya matairi kila saa, hela inaenda na gari linatikisika vile vile. Huyu fundi aliniuliza kwanza, boss unaisikia kwenye stelingi ama kwenye kiti? Nikamwambia kiti, stelingi imetulia kabisa, basi akasema matairi ya mbele tuyaache kwanza, akaingia chini akaizungusha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, kwa mkono huku na huku tukaona krosi ya nyuma, yaani kiungo chake cha kujipinda, inacheza na vumbi la kutu jekundu linatoka kwenye vikombe. Kabla ya kufungua akapiga alama kwenye propela ili irudi ilivyokuwa, maana ukiigeuza balansi inapotea. Wakakwangua pia tope lililokauka ndani ya rimu, na lenyewe linatikisa gari vibaya sana! Saa hii hata na mzigo wa matoke limetulia. Foleni ndiyo mbaya, wahi asubuhi, na spea omba uione ikitoka kwenye boksi.