GoatCounter: mwaka mmoja wa kuhesabu wasomaji wa tovuti yangu

Nina tovuti yenye kurasa thelathini na kitu. Naeleza humo mada za Biolojia za sekondari kwa Kiswahili, kwa sababu darasani wanafunzi wangu wanazisoma kwa Kiingereza na wengi huishia kukariri. Miaka ya mwanzo nilitegemea takwimu zilizokuja na kifurushi cha kuhifadhia tovuti. Zilinionyesha maelfu ya maombi kwa mwezi, yaani mara ambazo faili lolote la tovuti liliitwa, nikafurahi. Siku nilipofungua kumbukumbu za seva na kuzisoma mstari kwa mstari, niliumia. Mengi yalitoka kwa maroboti, yaani programu zinazopita tovuti zenyewe bila mtu: ya Google, ya Bing, na mengine yanayogonga wp-login.php, mlango wa kuingilia wa tovuti za WordPress, kutafuta upenyo, ilhali tovuti yangu haitumii WordPress kabisa. Tena kila picha ilihesabiwa peke yake. Mwanafunzi mmoja akifungua ukurasa wenye michoro minane, alionekana kama watu tisa.

Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za tovuti, niliiacha. Inaweka vidakuzi, vifaili vya kumtambua msomaji kwenye kifaa chake, na sikutaka kufuatilia nyayo za watoto wa watu.

Badala yake nilichukua GoatCounter, huduma ya kuhesabu wasomaji wa tovuti iliyoanzishwa mwaka 2019 na Martin Tournoij. Msimbo wa programu yake uko wazi kwa yeyote, na tovuti binafsi kama yangu haitozwi; ukipenda unachangia. Unabandika mstari mmoja tu wa msimbo kwenye kurasa zako, na skripti yenyewe ni kilobaiti chache, jambo kubwa kwa msomaji wa bando la siku. Haiweki kidakuzi. Inachanganya anwani ya IP (namba ya muunganisho wa msomaji kwenye intaneti) na jina la kivinjari, inapata alama isiyorudishika nyuma, inaikumbuka kwa saa 8 kisha inaitupa. Ili nisijihesabu mwenyewe, niliongeza #toggle-goatcounter mwishoni mwa anwani ya tovuti kwenye simu yangu, basi.

Kilichonisumbua ni WhatsApp. Viungo vyangu husambaa kwenye magrupu ya wanafunzi na wazazi, na mtu akitokea huko GoatCounter haioni katoka wapi. Wasomaji wangu wengi walirundikana kwenye fungu la wasiojulikana. Dawa niliyoipata ni kuongeza ?ref= na jina la grupu kwenye kila kiungo ninachotuma: ?ref=kidato4, ?ref=wazazi. Tangu hapo najua grupu lipi linasoma na lipi linapokea tu. Hiyo pekee imenilipa muda wote niliotumia kujifunza.

Usitarajie hesabu kamili, lakini. Baadhi ya vizuia-matangazo huizuia. Na kuna jambo la mitandao yetu ya simu: wateja wengi hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, na kivinjari cha Chrome cha Android tangu 2023 hakiiambii tena tovuti aina ya simu. Wanafunzi wawili wa mtandao mmoja, kivinjari kilekile, wanaweza kuhesabiwa mmoja. Kwa hiyo namba zangu nazichukulia kuwa pungufu kidogo, na naridhika hivyo kuliko zile za zamani zilizovimba.

Namba hizo pungufu ndizo zilizonionyesha kitu nilichokuwa sikijui. Grafu ya saa ilipanda kati ya saa tatu na saa tano usiku, hasa Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Takriban skrini zote zilikuwa za simu. Na ukurasa uliofunguliwa zaidi ulikuwa ule wa urithi wa vinasaba, ambao mimi nilikuwa nimeuandika kwa haraka kuliko wote, kwa majedwali mapana yasiyoenea kwenye simu. Mtoto alikuwa anasukuma jedwali kushoto na kulia usiku ili aone mraba wa Punnett, ule mchoro wa kukokotoa sifa ambazo watoto huweza kurithi.

Likizo ya Desemba niliuandika upya wote. Majedwali nimeyagawa, picha nzito nimezichora upya kwa SVG, aina ya picha nyepesi ya michoro, na mifano nimeiongeza kutoka miwili hadi sita.