Ndizi Inayojimenya Yenyewe: Mgomba wa Pinki, Ununue au Uache?

Haya wana-bustani, mambo vipi, karibuni tena. Leo sizunguki, maana wingu lile likishuka, bati litapiga kelele na hamtanisikia. Mgeni wetu ni huyu hapa nyuma yangu, Musa velutina, mgomba wa pinki mlionisumbua nao kwenye maoni wiki hizi zote.

Majani siyasemi, mmekulia migombani. Ni mfupi, mita moja na nusu hadi mbili, kwao ni kaskazini-mashariki mwa India, pande za Assam, na wataalamu wa mimea waliuandika rasmi mwaka 1875. Yatosha. Twende kwenye kilichonileta.

Dogo, sogeza kamera. Sogea bwana, haiumi! Hapo hapo. Kwanza mkungu: haukuning'inia, umesimama wima. Na hizi za pinki ni ndizi zenyewe, bado hazijaiva na rangi ndiyo hiyo. Nikipitisha kidole hivi, zina manyoya laini.

Sasa chane hii ya chini, ndiyo iliyotangulia kuiva. Ndizi hii bado imefumba. Jirani yake, mnauona ufa kwenye ncha? Sijaigusa, asubuhi ulikuwa haupo. Na hii ya pembeni imemaliza kazi: ganda limepasuka vipande vipande, kila kipande kimejikunja kurudi kwenye kikonyo, nyama nyeupe iko nje. Imejimenya! Zungusha kamera waone nyuma. Porini hakuna mtu wa kuimenya, kwa hiyo inajifungua, ndege anakuja, anabeba mbegu. Mimi kwa hili tu nimeshanunulika.

Ila si ya kula, tuelewane. Ndani ni... ngoja nionje kidogo. Mh. Jamani, ni tamu! Tamu kweli kweli. Lakini mmesikia hiyo *kach*? Mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, zimejaa mpaka nyama haina pa kukaa. Bado nasema si ya kula. Mtoto akitaka kulamba, alambe.

Bei sasa, na hapa naomba nikasirike. Kuna muuzaji aliniambia mche mmoja elfu arobaini, eti "wa kutoka ng'ambo". Mmea huu unatoa machipukizi wenyewe! Ukipata jirani anao, muombe chipukizi lenye mizizi yake, mmalizane kwa soda. Na ukinunua bila kuona tunda, angalia sana, maana kuna ndugu yake, Musa ornata, naye anasimamisha mkungu na ua lake lina rangi ya waridi, ila ndizi zake hazina manyoya wala hazijimenyi.

Wa mbegu, sikilizeni. Zisugue kwa msasa kidogo, ganda lake ni gumu. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, chupa ya chai inafaa. Panda kina cha sentimita moja kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga, weka mahali penye joto. Halafu subira: nyingine wiki chache, nyingine miezi, na mbili za kopo moja hazitoki pamoja. Usimwage udongo! Ukishatoka, samadi, maji ya kutosha yasiyotuama, na ukuta wa kuukinga upepo usichane majani. Penye joto unaweza kutoa ua ndani ya mwaka. Ndoo kubwa yenye matundu inautosha, kwa hiyo hata wa nyumba za kupanga msijitoe.

Mtaniuliza, na mgomba mwitu wetu je, ensete, ule wa milimani? Naupenda, jani lake lile lenye mshipa mwekundu likipigwa na jua la jioni, acha tu. Lakini ni jitu, hauweki machipukizi, unachanua mara moja unakufa. Wenye eneo, chukueni ule. Wenye kibaraza, huu. Kusema kweli ningekuwa na eneo ningechukua yote miwili.

Kitu kimoja kwa watu wa Kagera na Uganda, na yeyote mwenye shamba la migomba ya chakula. Mnajua mnyauko, ule ugonjwa unaoua migomba, unavyosambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, ndiyo maana shambani mnalivunja kwa kijiti chenye panda. Kwenye huu wa pinki, ua ndilo mnalolitaka libaki. Basi upandeni mbali na shamba, uwe na kisu chake, na kisu hicho kipitishwe kwenye moto kabla na baada.

Video ya mboji niliyowaahidi itatoka Jumamosi badala ya Alhamisi, kipaza sauti kipo kwa fundi. Mwenye mbegu za ziada za velutina aandike mkoa wake hapo chini, mpeane wenyewe kwa wenyewe, msipitie kwa yule wa elfu arobaini. Dogo, funika kamera, imeanza!